Jina Chini ya Sura: Picha za Watu na Cheo, kutoka Uholanzi ya Karne ya 17 hadi Sebule za Lubumbashi

Makala haya yalianza kwa swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukizungumza mbele ya darasa la mwaka wa pili kuhusu maandishi yanayowekwa juu ya picha za rangi za mji wetu: tahajia yake, mchanganyiko wake wa Kifaransa na Kiswahili, na namna mchoraji anavyomwongoza mtazamaji kwa maneno machache. Mifano yetu ilikuwa ile ile ya siku zote: Lumumba akihutubia tarehe 30 Juni 1960, mfungwa akichapwa viboko mbele ya afisa wa Kibelgiji, mamba muntu amekaa kando ya maji. Mwanafunzi mmoja kutoka Katuba akainua mkono: "Bwana asistanti, kwetu kuna picha ya baba mkubwa. Ina jina lake chini, na kazi yake. Mbona picha kama hizo hazimo katika vitabu mnavyotusomesha?" Tulimjibu kwa haraka kwamba hizo ni picha za familia, si za jamii. Jibu hilo halikutufaa hata sisi wenyewe. Kurasa zinazofuata ni jaribio la kulisahihisha.

Ili kulisahihisha, tumeona ni vema kwanza kutoka nje ya mji. Mahali tutakapokwenda ni Uholanzi ya karne ya 17, na kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna jamii ya wakati ule iliyozichonga na kuzipiga chapa sura za watu wasiokuwa wafalme kwa wingi kama ile. Ya pili iko karibu nasi zaidi: zile picha takriban mia moja za historia ya nchi ambazo Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu mwaka 1947, alimchorea Johannes Fabian mnamo 1973 na 1974, leo zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba lililojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum na ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum. Msomi wa Lubumbashi anayetaka kuziona hana budi kuomba viza. Basi akiwa huko, atazame na sura za wenyeji.

Maneno kabla ya vitu

Mtaalamu wa isimu huanza na maneno, hata pale ambapo angeshauriwa kuanza na macho. Kiswahili kina maneno mengi ya kuita kitu hiki, na kila moja limekuja na historia yake. Picha limetoka kwa Waingereza. Foto, ambalo ndilo hutawala mitaani kwetu, limetoka kwa Wabelgiji. Sanamu ni neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kinyago kinachoabudiwa. Lakini neno lenye mafunzo zaidi ni sura. Katika Kiarabu lina maana ya umbo na pia ya picha yenyewe, na taswira imetokana na mzizi huo huo. Kiswahili kilipolipokea kililisogeza kutoka katika picha hadi usoni, tukabaki na sura ya mtu kuwa uso wake ulio hai. (Sura ya kitabu ni neno jingine la Kiarabu lililogongana na hili masikioni mwa Waswahili. Tusiwape wanafunzi falsafa iliyotokana na ajali ya matamshi.)

Kitenzi nacho kinastahili kutazamwa. Leo tunapofundisha kuchora, wanafunzi hufikiria penseli na rangi. Kamusi ya Johnson ya 1939 bado inakumbuka kwamba kuchora kulikuwa pia kukata na kutia alama katika kitu kigumu, katika mbao, ngozi au madini. Kwa hiyo Kiswahili hakihitaji neno geni kumwita Mholanzi aliyekaa na bamba la shaba mbele yake akilikata kwa ncha ya chuma. Huyo ni mchoraji kwa maana kongwe kabisa ya neno.

Na cheo? Kamusi hiyo hiyo inaweka kipimo mbele ya daraja: cheo ni kipimo cha kitu, ukubwa wake, kisha ndipo kinakuwa nafasi ya mtu miongoni mwa watu. Mpangilio huo ni muhimu. Picha ya mtu ni mahali ambapo cheo hurudi kuwa kipimo: upana wa kiti, urefu wa koti, nafasi iliyoachwa chini kwa ajili ya maandishi.

Bamba na karatasi

Namna kazi ile ilivyofanyika ni rahisi kueleza. Mchongaji alichukua bamba la shaba nyekundu lililosuguliwa likang'aa, akalikata mistari kwa patasi ndogo yenye ncha kali, au akalipaka nta, akachora juu ya nta kwa sindano, kisha akaachia asidi ile mistari. Bamba likapakwa wino, likafutwa ili wino ubaki ndani ya mifereji tu, likawekewa karatasi yenye unyevu na kupitishwa katika kinu cha rola. Bamba moja lilitoa mamia ya karatasi kabla ya kuchakaa. Shaba yenyewe wakati huo ilifika Amsterdam kwa wingi kutoka Sweden, na nyingine ililetwa na meli kutoka Japani.

Nani alichongwa? Wakuu wa nyumba ya Orange, bila shaka. Willem Jacobsz. Delff alijenga jina lake kwa kuchonga sura ambazo baba mkwe wake, Michiel van Mierevelt, alikuwa amezipaka rangi. Lakini si wao tu. Rembrandt peke yake alitoa picha za mhubiri, daktari wa Kiyahudi, mpokeaji wa kodi, muuza picha na mwalimu wa mwandiko. Mpokeaji wa kodi, katika picha ya 1639, amekaa mezani akipima dhahabu huku mtumishi amepiga magoti akipokea mfuko. Daktari Ephraim Bonus, mwaka 1647, ametua kwenye ngazi, mkono juu ya mhimili, kama mtu ambaye bado anafikiria mgonjwa aliyemwacha ghorofani. Muuza picha, Clement de Jonghe, mwaka 1651, amekaa na kofia na glovu zake kana kwamba ameingia sasa hivi au yu karibu kutoka. Mwalimu wa mwandiko, Lieven Willemsz. van Coppenol, alikuwa na kiu ya sura yake kupita wote. Aliwatafuta washairi wamtungie beti za kumsifu, na alichongwa zaidi ya mara moja. Huenda msomaji akacheka. Asicheke upesi: mwalimu wa mwandiko alikuwa mtu wa cheo cha katikati, na watu wa cheo cha katikati ndio wanaojua kwamba jina lisiposemwa halisikiki.

Jambo linalotuhusu sisi wa isimu ni maandishi. Picha ya mafuta ya Kiholanzi mara nyingi ilinyamaza. Ilitundikwa katika nyumba ambamo kila mtu alijua huyo ni babu nani. Picha iliyopigwa chapa ilisafiri kwenda kwa watu wasiomjua mhusika, na kwa sababu hiyo haikuweza kunyamaza. Ilibeba jina, umri, kazi, na mara nyingi beti za Kilatini. Mhubiri Jan Cornelis Sylvius alikuwa amefariki mwaka 1638. Rembrandt alipochonga sura yake mwaka 1646, alimwinamisha nje ya fremu ya duara mpaka mkono wake ukatupa kivuli juu ya karatasi, na kuizunguka fremu hiyo yakaandikwa maisha yake. Marehemu anahubiri, na maneno yanamzunguka. Kwa picha ya Jan Six ya 1647 mambo yalikwenda kinyume. Kijana huyo, wa familia iliyotajirika kwa vitambaa na rangi, amesimama dirishani akisoma, upanga na joho vimewekwa kando. Karatasi za kwanza zilitoka bila jina. Baadaye bamba lilirudiwa, likaongezwa jina lake na umri wake, miaka 29. Six alikuja kuwa meya wa Amsterdam mwaka 1691. Picha ilikuwa imemtangulia kwa zaidi ya miaka arobaini.

Wakusanyaji wa picha huita mabadiliko kama hayo hali za bamba: hali ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tunawaomba wasomaji walikumbuke neno hili, kwa kuwa tutalihitaji Lubumbashi.

Kuna mfano mmoja kutoka nchi jirani ambao hatuwezi kuuacha, japo si wa Kiholanzi. Pierre Lombart, Mfaransa aliyefanya kazi London, alichonga mtu mwenye fahari juu ya farasi. Serikali zilipobadilika, kichwa kilifutwa na kuchongwa kingine: Cromwell, kisha mfalme, farasi akabaki yule yule. Ipo hata hali moja ya bamba ambamo mpanda farasi hana kichwa kabisa. Hatujui maelezo bora zaidi ya cheo ni nini. Mwili, mavazi, farasi na mkono ulioshika rungu la amri vyote viko tayari. Vinangoja kichwa.

Mkongo aliyepakwa rangi Middelburg

Ingekuwa rahisi kusema: hayo ni yao, na sisi tuna yetu. Lakini mwaka 1643 mambo hayo yalikutana. Mtawala wa Soyo, katika ufalme wa Kongo, alimtuma jamaa yake Dom Miguel de Castro kwanza Recife, Brazili, iliyokuwa mikononi mwa Waholanzi, kisha Uholanzi yenyewe, kutafuta upatanishi katika ugomvi wake na mfalme Garcia II. Huko Zeeland, mjini Middelburg, Dom Miguel na watumishi wake wawili walipakwa rangi. Picha hizo, ambazo siku hizi huhesabiwa kuwa za mchoraji Jaspar Becx, ziko katika jumba la taifa la sanaa la Copenhagen. Dom Miguel amevaa kofia nyeusi pana yenye unyoya mwekundu. Watumishi ni Pedro Sunda na Diego Bemba: mmoja ameshika pembe ya ndovu, mwingine kisanduku.

Tazama jinsi vipimo vilivyogawanywa. Dom Miguel hakushika kitu. Mtu wa cheo hashiki kitu, kilichoshikwa kimepewa mtumishi. Hata hivyo watumishi nao wamechorwa mmoja mmoja, kila mtu na sura yake, na majina yao yamehifadhiwa. Ni jambo la nadra katika karne ambayo meli za Kampuni hiyo hiyo ya Kiholanzi ya India ya Magharibi zilikuwa zikiwapakia watu kutoka pwani ile ile bila kuandika jina la yeyote.

Sasa linganisha na mchongo uliomo katika kitabu cha Olfert Dapper kuhusu Afrika, kilichotolewa Amsterdam mwaka 1668. Wajumbe wa Kiholanzi wamepiga magoti mbele ya mfalme wa Kongo aliyeketi katika kiti cha enzi. Dapper hakuwahi kukanyaga Afrika, na mchongaji hakuwa na sura ya Garcia mbele yake. Basi akachonga enzi: kiti, zulia, mianga, magoti ya wageni. Uso wa mfalme ni uso wa mtu yeyote. Heshima haikukosekana katika mchongo ule, maana aliyepiga magoti ni Mzungu. Kilichokosekana ni mtu mwenyewe.

Tangu hapo hadi leo, tunadiriki kusema, picha za watu wa Kongo zilizotengenezwa na wengine zimekuwa zikiyumba baina ya pande hizo mbili: cheo kisicho na sura, au sura isiyo na jina.

Sebule na neno ukumbusho

Turudi nyumbani. Historia ya sanaa ya mji huu kama inavyofundishwa huanza na Pierre Romain-Desfossés, aliyeanzisha karakana yake Elisabethville mwaka 1946, na kuendelea na chuo cha sanaa cha Laurent Moonens cha 1951. Pili-Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walitoka katika karakana ile, na ndege wao, samaki wao na vichaka vyao vimefika majumba ya sanaa ya dunia. Mtu mwenye jina na kazi yake ni adimu sana katika turubai hizo. Msimamizi aliamini kwamba Mwafrika angebaki safi akichora maumbile. Mfanyakazi wa kiwanda cha Lubumbashi, mwenye saa mkononi na baiskeli mlangoni, hakuwa maumbile.

Baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, ndipo ilipochanua sanaa ya sebule: picha zilizochorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, zikauzwa mlango kwa mlango kwa wafanyakazi, makarani na wachuuzi. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliokuwa wakiishi hapa, waliiandikia makala mwaka 1976 ambayo bado ndiyo mlango wa utafiti huu. Sifa kubwa ya makala hiyo ni kwamba iliwasikiliza wenyeji. Neno walilolisikia likirudiwa, ukumbusho, wakalifanya nguzo: picha hizi haziko ukutani kwa uzuri tu, ziko pale kukumbusha. Zinakumbusha mambo ya bankambo, mambo ya wakoloni, mambo ya sasa. Tshibumba mwenyewe alijitambulisha kuwa mwanahistoria. Mazungumzo yake na Fabian, yaliyorekodiwa kwa Kiswahili cha hapa na kuchapishwa mwaka 1996 katika kitabu kilichotolewa Marekani, yana thamani kwa wanaisimu kuliko sarufi nyingi tulizonazo.

Hatuna ugomvi na neno ukumbusho. Ugomvi wetu ni na matumizi yake. Kwa kuwa ukumbusho ulieleweka kuwa kumbukumbu ya pamoja, picha iliyokumbusha mateso ya wote ikaingia vitabuni, na picha iliyomkumbusha mtu mmoja ikabaki nje. Lakini kisarufi hakuna kinachoruhusu mgawanyo huo. Kukumbusha ni kitenzi cha kusababisha, nacho hudai watendwa wawili: unamkumbusha nani, nini? Mfungwa anayechapwa anawakumbusha wote jambo ambalo wote walipata. Picha ya baba mkubwa aliyekuwa kapita wa kiwanda inamkumbusha mgeni, aliyeingia sasa hivi akikaa kochini, kwamba nyumba hii haikuanza jana. Huo nao ni ukumbusho, na wenye nyumba huuita hivyo hivyo. Tena huyo mgeni ni sawa na yule mtu wa mbali ambaye Mholanzi alimtumia karatasi yake.

Hapa tunatoa mfano ulio karibu kupita kiasi kwa mtafiti. Nyumbani kwa nkambo wetu, katika komini ya Kenya (ya hapa Lubumbashi, wala si nchi jirani), palikuwa na picha yake iliyochorwa kutokana na foto ndogo ya kitambulisho. Foto ilikuwa na kichwa na mabega tu. Mchoraji aliongeza yaliyobaki: suti nyeusi, tai, kalamu mbili mfukoni, saa, kiti chenye mikono. Chini aliandika jina la ubatizo, jina la ukoo, na neno la Kifaransa la kazi yake likiwa limekosewa herufi moja. Nkambo hakuwahi kuwa na suti ile. Mgeni mmoja alipomtania, alijibu kwa utulivu: "Ile koti haiko yangu, lakini ule muntu ni miye." Wachoraji wa namna hiyo walikuwa na mwili ulio tayari, kama Lombart alivyokuwa na farasi. Mteja alileta kichwa. Tusiharakishe kuuita uongo. Cheo alichokuwa nacho nkambo kilikuwa cha kweli na alikitolea jasho. Nguo tu ndiyo iliyokuwa haijafika.

Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, na tai nayo ikawa kosa. Mtu wa familia alichukua brashi akafunika neno la kwanza la maandishi kwa rangi ya kahawia, na tai ikageuzwa kuwa kola iliyofungwa. Kazi haikufanywa vizuri: jua la alasiri lilipopiga ukuta, herufi za chini zilionekana. Mwaka 1990, tai iliporuhusiwa, hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Hiyo ndiyo hali ya pili ya picha ya nkambo. Tofauti na bamba la Jan Six, ambalo hali zake zote zinaweza kulinganishwa karatasi kwa karatasi, hali ya kwanza ya picha yetu imo chini ya hali ya pili, na njia pekee ya kuifikia ni kungojea alasiri.

Shaba yetu

Kuna aina moja ya picha ambayo mji huu unaweza kuiweka moja kwa moja mbele ya michongo ya Waholanzi, nayo ni shaba ya kugongwa. Fundi hupasha bati la shaba moto ili lilainike, huchora mistari, kisha huligonga kutoka nyuma kwa vyuma butu mpaka uso uinuke, na huligeuza tena kunyoosha mipaka. Mafundi hawa hutengeneza zaidi vinyago, wanawake watwangao na ramani ya nchi, na kwa sababu hiyo wasomi huwapita kama wauza zawadi. Lakini hutengeneza pia sura za watu: wanasiasa, maaskofu, wakurugenzi wanaostaafu, na mara nyingine baba wa nyumba.

Shaba hapa na shaba kule, lakini mantiki ni kinyume. Mnunuzi wa Amsterdam hakuiona shaba kamwe. Aliona karatasi, na thamani ya sura ilikuwa kuenea kwake. Mnunuzi wa Lubumbashi anainunua shaba yenyewe. Picha ni moja, haina nakala, na uzito wake ni sehemu ya ujumbe. Katika nchi ambayo shaba iliyosubuwa kwa umbo la msalaba ilikuwa fedha, ambayo jimbo lake liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na ambamo kila familia ina mtu aliyeishusha au kuiyeyusha kwa manufaa ya mwingine, kuona sura ya mtu wako ikiwa imeinuka katika madini hayo si jambo dogo. Ile shaba iliyokuwa ikienda zake kwa reli, kipande chake kimoja kimebaki na jina la mwenyeji.

Kasoro yake tunaikubali. Sura nyingi za shaba hazifanani na mtu. Nyundo hupenda mashavu mazito na pua nene, na fundi mvivu hugonga uso ule ule kwa wote. Hapo jina chini linafanya kazi yote peke yake, na picha inakuwa kama ule mchongo wa Dapper. Tumeona bati moja ambalo bila maandishi lingeweza kuwa Lumumba, Kasavubu au mwenye duka. Fundi mzuri hujulikana kwa masikio, ambayo huyagonga mwisho.

Sura zenye namba

Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, alitoa mfululizo wake wa picha uitwao Mémoire. Alichukua foto za zamani, nyingi zikiwa za hifadhi ya kampuni ya madini, akakata watu waliomo, wafanyakazi na mabwana wao, akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines kama alivyoyapiga mwenyewe kwa rangi. Mengi yameandikwa juu ya magofu hayo. Machache yameandikwa juu ya jambo lililo wazi zaidi: watu wale hawakuagiza picha. Wamesimama walivyoambiwa kusimama. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilimjua mfanyakazi kwa matrikule, na foto ilikuwa ndugu wa namba.

Katika picha ya Kiholanzi mhusika alilipa, au jamaa zake walilipa, au mchapishaji alibashiri kwamba watu wangemnunua. Kwa vyovyote alikuwa mtu anayetakiwa. Katika foto ya kampuni aliyetakiwa ni mkono wa kazi, na uso ulipigwa ili mkono usipotee. Baloji hawarudishii majina. Hawezi, na tunamheshimu kwa kutojifanya kwamba anaweza. Anawarudishia ukubwa, yaani cheo kwa ile maana ya kwanza ya Johnson: wanasimama mbele, wakubwa kuliko tanuri.

Lakini tukisema hivyo tu, tutakuwa tumeshiriki kosa lile lile la kumwona mfanyakazi katika foto ya bwana wake peke yake. Yule mtu aliyesimama mbele ya kamera ya kampuni Jumatatu, Jumapili huenda alikuwa amekaa mbele ya mchoraji au studio ya mtaani, amevaa koti la kuazima, akieleza jinsi jina lake linavyoandikwa. Picha ya kwanza iko katika hifadhi. Ya pili iko sebuleni, au ilikuwapo. Katika miaka ya 1990, mishahara ya kampuni ilipokatika kwa miezi mingi, na baada ya 2003, zaidi ya wafanyakazi elfu kumi walipoondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, vitu vingi vilitoka katika sebule za mji huu. Runinga ilitoka kwanza, kochi likafuata. Picha ya rangi haikuwa na mnunuzi, maana nani anunue baba wa mwingine? Shaba ilikuwa naye. Ilinunuliwa kwa kilo.

Juu ya kusahihisha

Limebaki jambo moja la ndani ya idara, na tunalitaja kwa kuwa sehemu ya lawama ni yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulipokea kazi ya mwanafunzi aliyekuwa amekusanya maandishi ya picha zipatazo thelathini katika mitaa miwili. Ilikuwa kazi ya bidii. Lakini aliyanakili maandishi yote kwa Kiswahili sanifu: muntu akawa mtu, haiko ikawa si, majina ya kazi ya Kifaransa yakawekwa tahajia ya kamusi. Tulimpa alama nzuri na kumsifu kwa usafi wa lugha. Hatukumwuliza kama alikuwa na daftari la kwanza. Alipotafutwa baadaye alisema alilitupa, kwa sababu lilikuwa limejaa makosa.

Hakuna anayesahihisha herufi katika michongo ya Rembrandt, ambako zimo hata zilizogeuka kinyume kwa sababu ya kuchongwa juu ya bamba. Mtaalamu huziandika zilivyo, na hutumia kosa hilo kutambua bamba na mkono. Maandishi ya picha zetu yanatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Neno la Kifaransa lililokosewa herufi katika picha ya nkambo lingeweza kutuambia mchoraji alisoma wapi, au hakusoma, na kama picha jirani yenye kosa hilo hilo ni yake. Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, imebaki hai kwa wanaisimu kwa sababu walioitoa tena mwaka 1990 waliiacha na tahajia yake, wakaiwekea usomaji pembeni. Ndivyo tunavyotaka sasa kwa maandishi ya picha: kwanza foto ya maandishi yenyewe, kisha nakala herufi kwa herufi, kisha, kwa anayependa, usanifishaji wake katika safu ya tatu. Na liandikwe jina la aliyepigwa picha, kazi yake, nani aliagiza, ilitundikwa ukuta gani, na kama kuna neno lililofunikwa kwa rangi.

Mwanafunzi wa Katuba ameanza na baba yake mkubwa. Picha ina mistari miwili ya maandishi. Wa pili unasomeka vizuri: ni kazi yake na mwaka. Wa kwanza una doa la kahawia mwanzoni, upana wa herufi nne au tano. Tumemshauri aende alasiri.